Mshipa umezibuka. Mguu je?

Kuna picha mbili ambazo watu wa tiba ya kuzibua mishipa ya damu ya miguu hupenda kuziweka sambamba. Katika ya kwanza, ateri ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, inashuka vizuri, halafu inakatika ghafla juu kidogo ya goti, na chini yake kumebaki vijimshipa vyembamba vilivyojipindapinda kutafuta njia. Katika ya pili, iliyopigwa muda mfupi baadaye, damu imejaa mstari wote hadi kifundoni. Palipoziba pamezibuliwa, tena kwa tundu dogo la kinenani, bila kupasua na bila nusu kaputi. Anayeziona picha hizo kwenye simu akiwa kwenye benchi la kusubiri la hospitali pale Upanga, Dar es Salaam, na mzazi wake yuko ndani na kidole cheusi, hahitaji kushawishiwa zaidi. Atauliza bei tu.

Mimi ningependa aulize jambo moja kabla ya bei. Picha ya pili ilipigwa mgonjwa akiwa bado mezani. Mguu wenyewe ulikuwaje miezi sita baadaye?

Swali hilo halina nia ya kukejeli. Tiba za kuzibua mishipa ya miguu kwa puto linalotanuliwa ndani ya mshipa, na stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoachwa humo kuushikilia wazi, zimeokoa miguu mingi duniani na zitaokoa mingi hapa Dar es Salaam. Ila kwa muda mrefu zimepimwa kwa mshipa, ilhali mgonjwa alikuja kwa ajili ya mguu, na vitu hivyo viwili havitoi jibu moja kila mara. Huduma yenyewe kwetu bado changa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kusimama yenyewe mwaka 2015, na Muhimbili ilianza kufundisha wataalamu wa tiba za tundu dogo zinazoongozwa na picha kwa kushirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2018. Bado tuna nafasi ya kuchagua kipimo sisi wenyewe, kabla hatujazoea kipimo tulicholetewa pamoja na vifaa.

Ugonjwa wenyewe si mgumu kuueleza. Mafuta na chokaa hujijenga kwenye kuta za ateri kwa miaka, vikisukumwa na sigara, kisukari, presha na kolesteroli. Mwanzoni mtu hupata maumivu ya kigimbi akitembea. Akisimama yanaachia, akiendelea yanarudi. Wengi huishia hapo, hawapotezi mguu. Wachache hufika hatua ya pili: maumivu ya mguu usiku akiwa amelala, kidonda kisichofunga, au nyama kufa. Kwa anayepima tiba, hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Wa kwanza anataka atembee mbali zaidi. Wa pili anataka asikatwe. Utafiti unaowachanganya hao wawili na kutoa asilimia moja ya mafanikio haumsaidii yeyote kati yao, na tafiti za namna hiyo si chache.

Hapa kwetu kuna jambo linalozidisha ugumu. Kisukari kikikaa muda mrefu huua neva za miguu, kwa hiyo ile onyo ya kigimbi kubana mara nyingi haiji. Mtu anatembea na kipande cha msumari ndani ya ndala kutoka Buguruni hadi Kariakoo asijue, na akija kuona kidonda, nyumbani wanasema amekanyaga kitu, apelekwe kwa mtaalamu wa mambo hayo kwanza. Dk. Zulfiqarali Abbas, ambaye kwa miongo kadhaa ametibu na kuandika kuhusu mguu wa kisukari jijini hapa, na ambaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha mafunzo ya Step by Step ya kuhudumia miguu hiyo Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, ameonyesha kwamba ganzi ni chanzo kikubwa cha vidonda hivi, na kuziba kwa mishipa ni sehemu yake nyingine.

Hapo ndipo upimaji wa tiba unapoanza kuteleza. Mguu wenye kidonda cha ganzi, ambao damu yake inafika vizuri, hupona kwa kusafishwa, kupewa antibayotiki na kuondolewa uzito pale palipo na kidonda. Ukiupitisha kwenye puto kwa sababu picha imeonyesha mahali palipopungua nusu, utapona pia, na puto litapewa sifa ya kazi iliyofanywa na viatu na bandeji. Kadiri hospitali inavyozibua mishipa ya watu ambao hawakuhitaji kuzibuliwa, ndivyo takwimu zake zinavyozidi kupendeza.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama huduma fulani ni nzuri aanze na waliochaguliwa. Walipimwaje? Kipimo cha kawaida ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono kwa kitambaa cha presha na kifaa kidogo cha dopla cha kushika mkononi, kinachosikiliza mtiririko wa damu. Ikiwa ya mguu ni chini ya sehemu 0.9 ya ile ya mkono, ateri zimeathirika. Lakini kwa mwenye kisukari kuta za ateri hukakamaa kwa chokaa, kitambaa kinashindwa kuzibana, na namba inatoka 1.4 au zaidi kana kwamba mguu una afya kuliko wa mwanajeshi. Kwake yeye inabidi kupima presha ya kidole gumba, kwa sababu ateri za vidole hazikakamai kiasi hicho. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, mguu uko hatarini kweli. Kipimo hicho hakihitaji mtambo wa mabilioni, na bado naamini ndicho kinachorukwa zaidi katika safari yote ya mgonjwa.

Inafaa kukumbuka tiba hii ilivyoanza, kwa sababu ilianza na kipimo sahihi. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Oregon nchini Marekani, daktari wa eksirei Charles Dotter alipitisha mirija, mwembamba kisha mnene zaidi, ndani ya ateri ya paja ya bibi wa miaka 82 aliyekuwa na vidole vilivyooza na aliyekataa katakata kukatwa mguu. Mguu ulipata joto, kidonda kikapona, na bibi aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi alipofariki kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1974 Andreas Grüntzig, huko Zurich, akaleta puto, na baadaye akalipeleka kwenye moyo. Kutoka hapo zikaja stenti, puto zilizopakwa dawa, stenti zinazotoa dawa, na vifaa vya kukwangua uchafu wa ndani ya mshipa. Kila kifaa kipya kilihitaji kushinda cha zamani, na njia ya haraka ya kushinda ilikuwa kuonyesha kwamba mshipa umebaki wazi zaidi kwa mwaka mmoja. Bibi wa Dotter alipimwa kwa hatua alizopiga. Waliomfuata walipimwa kwa ultrasaundi.

Mtu anaweza kusema tofauti hiyo ni ya maneno tu, kwamba mshipa ukiwa wazi mguu unapona. Anayeishi ghorofa ya nne Kariakoo anajua kwamba bomba la mtaani linaweza kujaa maji na tangi la juu likabaki tupu. Ateri kubwa inaweza kuzibuliwa vizuri sana wakati mishipa midogo ya unyayo imekwisha kufa, na kidonda kisipate kitu. Kinyume chake pia hutokea, na hiki ndicho kisichozungumzwa vya kutosha: kidonda kinahitaji damu nyingi kikiwa kinafunga, kikishafunga ngozi inaishi kwa damu kidogo. Ateri nyembamba za chini ya goti zilizopanuliwa kwa puto la kawaida huziba tena kwa wagonjwa wengi katika miezi michache. Kwenye utafiti wa kifaa huyo anaandikwa kuwa ameshindwa. Nyumbani kwake Mbagala anavaa kiatu, kidonda kimeshafunga, hajui hata kwamba mshipa umeziba tena.

Mfano mzuri ni utafiti wa LIFE-BTK, uliotoka mwaka 2023. Ulipima kijibomba chenye dawa ambacho huyeyuka chenyewe mwilini, kwa wagonjwa 261 wenye ateri zilizoziba chini ya goti, kikilinganishwa na puto la kawaida. Ulifadhiliwa na mtengenezaji, kampuni ya Abbott. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 74 ya waliopata kifaa kipya walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 44 ya wa puto. Tofauti kubwa sana hiyo, na mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiidhinisha. Lakini mafanikio yenyewe yalikuwa fungu: kutokatwa mguu juu ya kifundo, mshipa kutoziba wala kupungua tena, na kutorudiwa tiba pale pale. Ukilifungua fungu hilo unakuta karibu wagonjwa wote wa pande zote mbili walibaki na miguu yao mwaka huo. Ushindi ulitoka kwenye mshipa. Kifaa si kibaya, kinafanya kazi yake. Ila anayesoma kwamba mafanikio yamepanda kutoka 44 hadi 74 atadhani kuna miguu 30 katika kila 100 iliyookolewa, na hakuna.

Tabia hii ya kufunga matokeo kwenye fungu moja ndiyo inayoeleza pia kitendawili kikubwa cha fani hii katika miaka ya karibuni. Swali lilikuwa: mtu mwenye mguu ulio hatarini aanze na puto au na upasuaji wa baipasi, yaani kuchukua vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu wake mwenyewe na kuiunganisha ivuke pale palipoziba?

Mwaka 2005 Waingereza walitoa jibu la kwanza kupitia utafiti wa BASIL, uliokuwa na wagonjwa 452. Hakukuwa na tofauti kubwa mwanzoni, upasuaji ukiwa na gharama zaidi, ingawa waliofuatiliwa muda mrefu zaidi ya miaka miwili walionekana kunufaika na baipasi. Kisha Novemba 2022 ukaja utafiti wa BEST-CLI, wagonjwa 1,830 kutoka Marekani, Canada, Finland, Italia na New Zealand. Wale waliokuwa na vena nzuri walipata afueni zaidi kwa baipasi: asilimia 42.6 walipata pigo kubwa la mguu au kifo, dhidi ya 57.4 upande wa puto na stenti. Wapasuaji walifurahi. Hazikupita hata miezi sita, BASIL-2 ya mwaka 2023 ikasema kinyume kabisa: kati ya wagonjwa 345 wa Uingereza, Sweden na Denmark waliohitaji kuzibuliwa chini ya goti, asilimia 63 ya waliopata baipasi walikatwa mguu au kufariki, dhidi ya 53 ya waliozibuliwa kwa tundu dogo.

Utafiti mmoja ni mwongo, basi? Hapana. Angalia walichohesabu. BEST-CLI ilihesabu pia kurudiwa kwa tiba kubwa katika mguu uleule. Hapo ndipo pengo lilipokuwa pana mno: asilimia 9.2 upande wa baipasi, 23.5 upande wa pili. Kwenye kukatwa mguu pengo lilikuwa dogo zaidi, 10.4 dhidi ya 14.9, na kwenye vifo tofauti haikuwa ya kutegemewa. BASIL-2 yenyewe ilihesabu kukatwa na kufa tu, na tofauti ikatoka karibu yote kwenye vifo, asilimia 53 dhidi ya 45. Kukatwa mguu kulikaribiana, 20 dhidi ya 18. Wagonjwa pia hawakuwa wa aina moja, maana wote wa BASIL-2 walikuwa na ugonjwa ulioshuka chini ya goti.

Mimi nazisoma hivi. Mwenye vena nzuri, moyo unaohimili upasuaji, na ugonjwa ulioenea pajani, asinyimwe baipasi kwa sababu tu tundu dogo ni la kisasa. Mzee mwenye moyo uliochoka na figo zinazolegea, ugonjwa wake uko kwenye ateri za chini ya goti, aanze na puto. Kabla ya uamuzi wowote, vena zake zipimwe kwa ultrasaundi, kwa sababu bila kujua kama ana vena nzuri huwezi kujua ni utafiti upi unamhusu. Wataalamu wengi wa nje wameishia karibu na hapo pia.

Lakini hakuna mgonjwa hata mmoja wa BEST-CLI wala BASIL-2 aliyetoka Afrika, na jambo hilo lina uzito kuliko lile la kawaida la kusema kwamba sisi ni tofauti. Jibu la puto au baipasi linategemea kuwapo kwa vyote viwili. Mpasuaji anayeweza kuunganisha vena kwenye ateri ndogo ya kifundo ni adimu nchini, na hospitali nyingi za mikoa hazina hata dopla. Uchaguzi halisi wa mgonjwa wetu mara nyingi si puto au baipasi. Ni puto au msumeno. Ukilinganisha na msumeno, hata puto la kawaida linaloziba tena baada ya miezi mitano ni tiba ya maana sana. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tusubiri hadi tupate vifaa bora zaidi.

Na vifaa hivyo bora ni vipi? Hapa kuna kisa cha kufunza. Tatizo la puto pajani ni kwamba ukuta wa ateri uliojeruhiwa hujijaza tena kwa seli. Watengenezaji wakapaka puto na stenti dawa ya paklitakseli, ambayo ni dawa ya saratani, ili seli hizo zisizaliane. Mishipa ilibaki wazi zaidi, soko likachangamka. Desemba 2018 mtafiti Konstantinos Katsanos na wenzake wakajumlisha majaribio 28 yenye wagonjwa 4,663, wakakuta waliopata dawa walikuwa wanakufa zaidi: kufikia mwaka wa pili asilimia 7.2 dhidi ya 3.8, na kufikia wa tano 14.7 dhidi ya 8.1. Hakuna aliyeweza kueleza dawa kidogo pajani ingemuuaje mtu miaka mitano baadaye. Hata hivyo mwaka 2019 mamlaka ya Marekani ilitoa onyo, na matumizi yakashuka.

Ilibainika kwamba wagonjwa wengi katika majaribio hayo walikuwa wamepotea kwenye ufuatiliaji. Walipotafutwa upya na vifo kuhesabiwa, hatari ile ilisinyaa, na Julai 2023 onyo likaondolewa. Sweden haikuhitaji kumtafuta mtu. Kule jaribio la SWEDEPAD lilifanywa ndani ya rejesta ya taifa ya upasuaji wa mishipa. Kila mgonjwa ana namba ya utambulisho, akifa inajulikana, akikatwa mguu inajulikana. Desemba 2020 waliangalia wagonjwa 2,289, wakasema hakuna tofauti ya vifo kwa wakati huo. Mwaka 2025 wakatoa jibu lililowauma wauzaji zaidi: kwa wenye miguu iliyo hatarini, vifaa vya dawa havikupunguza kukatwa miguu. Kwa wale wa maumivu ya kutembea tu, havikuboresha maisha yao kuliko puto na stenti za kawaida.

Miaka mingi ya kubishana kuhusu kifaa cha bei ghali, na aliyeleta jibu la mguu ni nchi iliyounganisha namba ya mtu na jalada lake la hospitali. Sisi tuna namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo huwezi kusajili laini ya simu. Hakuna sababu ya msingi ya kushindwa kujua, kwa mtu yuleyule, kama mguu aliozibuliwa Upanga mwezi Machi ulikuja kukatwa Temeke mwezi Oktoba. Leo hospitali ya kwanza ingeendelea kumhesabu kuwa ni mafanikio, kwa sababu hakurudi. Kutorudi kwa mgonjwa wa Dar kuna maana nyingi: amepona, amefariki, amehamia kwa mwanawe Tabora, hana nauli, au amekatwa kwingine na anaona haya kurudi kusema.

Kuhusu wale wa maumivu ya kigimbi tu, nitasema kwa ufupi kwa sababu ushahidi hauna utata sana. Jaribio la CLEVER la Marekani, lililotoka mwaka 2012, liliwachukua watu 111 wenye ateri zilizoziba juu kabisa, tumboni na nyongani, mahali ambapo stenti hufanya kazi vizuri kuliko kwingine. Miezi sita baadaye waliofanyishwa mazoezi ya kutembea chini ya uangalizi walikuwa wameongeza muda wa kutembea kuliko waliowekewa stenti. Kutembea dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu: unatembea hadi kigimbi kibane, unapumzika, unaendelea. Asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, Mnazi Mmoja au ufukweni Coco. Pamoja na hayo kuacha sigara, dawa ya kolesteroli na aspirini. Kama bado anashindwa kufanya kazi zake, hapo stenti ijadiliwe.

Tatizo ni kwamba matembezi hayana muuzaji. Marekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 2008 bima yao ya wazee, Medicare, ilibadilisha malipo ili tiba hizi zifanyike kliniki badala ya hospitali, na kukwangua mishipa kukalipwa vizuri sana. Vifaa vya kukwangua vikaenea kwenye kliniki binafsi, na gazeti la New York Times mwaka 2023 likaeleza wagonjwa walioanza na maumivu ya kutembea wakaishia kukatwa miguu baada ya kufanyiwa tiba moja juu ya nyingine. Kila tiba inaacha jeraha ndani ya mshipa. Ukimgusa mtu ambaye mguu wake haukuwa hatarini, unaweza kuuweka hatarini wewe.

Nalitaja hili kwa sababu tunatekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na vitita vya malipo, yaani orodha za huduma ambazo bima inalipia, ndivyo vitakavyoamua mambo mengi kuliko miongozo ya madaktari. Kitita kikilipa kwa kila puto lililotumika, puto zitatumika. Kikikataa kulipia puto kabisa lakini kikalipia kukata, tutakata. Huko kwenye meza za vitita ndiko ningependa kusikia maswali ya mguu, na sidhani yanaulizwa.

Maswali yenyewe yawe ya kwetu. Fomu za Ulaya za kupima ubora wa maisha ya wagonjwa hawa huuliza kuhusu umbali wa kutembea, kupanda ngazi, kazi za nyumbani. Mgonjwa wa Tandale ana choo cha kuchuchumaa. Aliyekatwa juu ya goti hawezi kukitumia peke yake. Hilo peke yake humfanya mzee mwenye heshima zake aanze kula kidogo ili asihitaji msaada. Anayeswali anataka kujua kama atasujudu. Mwenye kazi ya bodaboda anataka kujua kama mguu wa kulia utakanyaga breki. Kupanda daladala yenye ngazi ya juu wakati konda anasema twende, twende, ni kipimo cha nguvu za mguu kuliko mashine yoyote ya kukimbilia. Hata tafsiri ya kukatwa inabidi iangaliwe: tafiti nyingi huhesabu kukatwa juu ya kifundo tu, kupoteza vidole vyote vitano hakuingii. Kwa mchuuzi anayezunguka siku nzima na beseni kichwani, nusu ya unyayo ni mtaji.

Ningeanza na mambo machache. Kila mguu unaozibuliwa uandikwe kabla: ukubwa wa kidonda, presha ya kidole gumba, kiwango cha maambukizi. Vipimo hivyo vitatu vimewekwa pamoja tangu 2014 katika mfumo unaoitwa WIfI, kila kimoja kwa alama kutoka 0 hadi 3, na nesi aliyefundishwa siku mbili anaweza kuvijaza. Iandikwe ateri gani imetibiwa, kwa kifaa gani, na dawa ya rangi ya kuonyesha mishipa kwenye picha kiasi gani, kwa kuwa dawa hiyo huumiza figo na wengi wa wagonjwa wetu figo zao tayari zimeguswa na kisukari. Halafu simu ipigwe baada ya siku 30, miezi sita na mwaka: kidonda kimefunga? Umekatwa popote? Unakwenda chooni mwenyewe? Asiyepatikana aandikwe kuwa hajulikani, na idadi ya wasiojulikana itangazwe pamoja na ya waliopona.

Puto la kawaida liwe ndilo chaguo la kwanza chini ya goti na stenti ya kawaida iwe ndiyo ya nyongani, vyote vikiwa kwenye kitita cha bima. Kwa vifaa vya dawa na vijibomba vinavyoyeyuka, bima ilipe kwa hospitali zinazotuma taarifa za simu hizo tu, kwa bei ya puto la kawaida, na muuzaji anayetaka zaidi ya hapo alete matokeo ya kukatwa miguu, akiyatenga na fungu la mishipa. Wauzaji watalalamika kwamba sharti hilo halipo nchi jirani. Linaweza kuanzia hapa.